Namna ya Kuyaishi Majira ya Mapukutiko Mkiwa Wawili

Majira ya mapukutiko, ambayo miti ya nchi za baridi hubadili rangi na kumwaga majani, huwaponyoka wenzi wengi vijana kabla hawajayafaidi. Yanapoanza, husema kwamba siku moja watakwenda msituni pamoja. Wiki chache baadaye wote wawili wanarudi nyumbani jua limekwisha kuzama, Jumamosi inamezwa na kufua na kununua mahitaji, na siku wanapoikumbuka tena ile ahadi wanakuta matawi yamebaki matupu. Wengi hulaumu uchovu, fedha au hali ya hewa. Kwa maoni yangu sababu kubwa ni kwamba wanaendelea kupanga siku zao kana kwamba bado ni majira ya joto, ilhali kilichoadimika wakati huu ni mwanga. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mwanga, na mengine yote, kuanzia nguo hadi nyota, yanapangwa kuufuata.

Hesabuni mwanga kwanza

Katika nusu ya kaskazini ya dunia majira haya huanza tarehe 22 au 23 Septemba, siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana. Katika nusu ya kusini huanza tarehe 20 au 21 Machi. Wengi hudhani kwamba siku hufupika kwa kasi zaidi baridi kali inapokaribia, lakini kasi kubwa kuliko zote iko hapo hapo mwanzoni. Kwenye latitudo ya digrii 40 mchana hupungua kwa dakika 2 na nusu hivi kila siku, kwenye digrii 50 kwa karibu dakika 4, na kwenye digrii 60 kwa zaidi ya dakika 5. Wenzi wanaoishi kwenye digrii 50, kwa hiyo, hunyang'anywa karibu nusu saa ya mwanga kila wiki, na matembezi ya jioni yaliyowatosha mwanzoni mwa mwezi yatakuwa ya gizani mwisho wa mwezi huo huo hata wasipobadilisha saa ya kutoka. Aliyekulia karibu na Ikweta, ambako jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, hana mazoea ya mwili ya kumtahadharisha juu ya jambo hili, na hana budi kutegemea kalenda.

Chukueni karatasi moja, andikeni Jumamosi na Jumapili zote za majira haya, na mbele ya kila siku andikeni saa ya jua kuchomoza na saa ya kuzama kwa mahali mnapoishi. Programu za hali ya hewa kwenye simu huonyesha saa hizo. Bandikeni karatasi hiyo mahali mnapopita nyote wawili, kwa kuwa kilichomo ndani ya simu huonwa na mwenye simu peke yake. Kisha gawanyeni shughuli zenu za wiki katika mafungu mawili: zinazohitaji mwanga wa jua na zisizouhitaji. Kufua, kupika chakula cha siku kadhaa, kufagia, kulipa bili na kununua mahitaji vyote hufanyika usiku bila hasara yoyote. Vikihamishiwa jioni za katikati ya wiki, saa za mwanga za mwisho wa wiki hubaki huru, na jambo hili moja huleta nafuu kubwa kuliko vifaa vyote mnavyoweza kununua. Jiwekeeni sharti kwamba kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana, siku moja ya mwisho wa wiki, hakuna anayegusa kazi ya ndani isipokuwa ya dharura. Siku ya pili iacheni bila mpango, maana wenzi wanaojaza siku zote mbili huishia kuchokana.

Siku za kazi zina shida yake. Ikiwa mnaondoka asubuhi na mapema na kurudi gizani, mnaweza kupitisha siku tano mfululizo bila kulipata jua la maana, na taa za ndani hazijazi pengo hilo: ofisi yenye taa nzuri huwa na mwanga wa lux 500 hivi (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga), ilhali nje mchana, hata mawingu yakiwa yametanda, mwanga mara nyingi huwa wa maelfu ya lux. Robo saa ya kutembea nje asubuhi, au wakati wa mapumziko ya mchana, ina thamani kuliko saa nzima ya kukaa karibu na dirisha. Kama mnafanya kazi karibu karibu, kutaneni katikati mara moja kwa wiki mtembee badala ya kula mmeketi. Kama sehemu zenu za kazi ziko mbali, kila mmoja atembee peke yake kwa wakati mmoja na mwenzake huku mkizungumza kwa simu; ni jambo linaloonekana la kitoto mpaka likifanywa.

Hapa inafaa kusema jambo zito kidogo. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake walieleza kitabibu aina ya sonona inayorudi kila mwaka siku zinapofupika. Mmoja wenu akianza kulala kupita kiasi, kutamani vyakula vya wanga na sukari kuliko kawaida yake, kujitenga, na kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki mbili au zaidi, mwenzake asimwite mvivu wala asidhani kwamba mapenzi yamepungua. Matembezi husaidia lakini hayachukui nafasi ya daktari. Taa maalumu za lux 10,000, ambazo mtu huketi mbele yake kwa nusu saa hivi asubuhi, hutumika kama tiba. Mwenye ugonjwa wa macho au maradhi ya hisia za kupanda na kushuka aombe ushauri wa daktari kabla ya kuitumia.

Lipo pia suala la saa kurudishwa nyuma. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza hufanyika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na katika sehemu kubwa ya Marekani na Kanada Jumapili ya kwanza ya Novemba. Usiku huo mtapata saa moja zaidi ya kulala, lakini jioni inayofuata giza litaingia saa moja mapema kwa ghafla, na wiki hiyo ndiyo wenzi wengi huacha kabisa kutoka nje. Iandikeni kwenye ile karatasi mapema, na juma hilo mhamishie matembezi yenu asubuhi, kwa kuwa saa iliyoondolewa jioni imepelekwa huko.

Kuzifuata rangi

Rangi za majani zina sababu zake, na anayezijua hupanga safari vizuri zaidi kuliko anayebahatisha. Wakati wa joto jani ni la kijani kwa sababu ya klorofili, ambayo huvunjika na kutengenezwa upya muda wote. Siku zikifupika mti huacha kuitengeneza, na tabaka dogo la seli huanza kufunga njia kati ya kikonyo na tawi. Kijani kinapofifia, rangi za manjano na machungwa, ambazo zilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, hujitokeza. Nyekundu na zambarau ni habari nyingine: hutengenezwa upya kutokana na sukari iliyonaswa ndani ya jani, na hustawi zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa wa baridi isiyofikia kuganda. Kwa hiyo mkiona siku nne au tano za namna hiyo zimefuatana, ahirisheni mambo mengine. Mkisubiri wiki ijayo, usiku mmoja wa upepo mkali waweza kumaliza kila kitu.

Faida nyingine ya elimu hii ni kwamba mnaweza kuzipata rangi zaidi ya mara moja. Mabadiliko huanzia kwenye miinuko, ambako baridi hutangulia, kisha hushuka mabondeni, na mwisho huingia mijini, ambako majengo na lami huhifadhi joto. Wenzi wenye nafasi ya safari moja tu ya mbali waitumie mapema kwenda mlimani, halafu wiki mbili au tatu baadaye wazipokee rangi zile zile katika bustani ya karibu na nyumbani. Miti nayo hupishana. Ginko hugeuka manjano tupu na mara nyingi huangusha majani yake karibu yote ndani ya siku chache, hivyo ukimwona amekolea rangi usimwahidi kesho. Mwaloni huchelewa, na baadhi ya miti yake, hasa michanga, hung'ang'ania majani makavu ya kahawia hata baridi kali ikiingia. Miongoni mwa jamaa za misonobari imo pia ile inayogeuka rangi ya dhahabu na kumwaga sindano zake zote, jambo linalowashangaza wanaoamini kwamba misonobari yote hubaki kijani.

Mradi ninaowapendekezea wenzi wote, hata wasiopenda safari, ni kuchagua mti mmoja ulio katika njia yao ya kila siku na kuupiga picha mara moja kwa wiki, wakisimama mahali pale pale na kwa saa ile ile, mpaka jani la mwisho lianguke. Mnaweza kupokezana wiki hadi wiki. Kwa upande wa picha zenyewe, lielekezeni jani kwenye jua ili mwanga upite ndani yake, badala ya kulipiga picha jua likiwa mgongoni mwenu. Na msiogope mawingu wala manyunyu, kwa kuwa majani yaliyolowa hukolea rangi na kivuli kikali cha mchana hutoweka. Majani mtakayopenda kuyahifadhi yakaushwe kwa kubanwa kati ya karatasi zinazonyonya maji chini ya vitabu vizito kwa wiki moja au mbili, na karatasi hizo zibadilishwe baada ya siku mbili za kwanza, vinginevyo yataota kuvu.

Siku ya matembezi marefu

Kabla ya kuchagua njia, kadirieni muda. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskochi, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mita 300 za kupanda itachukua, kwa kanuni hiyo, saa mbili na nusu. Lakini kanuni haihesabu mapumziko, picha, matope, wala mazungumzo, na wenzi wawili wanaopendana hawatembei kama askari. Ongezeni saa nzima. Ikiwa jua linazama saa kumi na moja jioni, lengeni kumaliza saa kumi, maana yake muwe mmeanza si zaidi ya saa sita na nusu mchana. Binafsi ningeanza saa nne asubuhi, kwa sababu aliyeanza mapema anaweza kukosea njia bila hofu. Kubalianeni pia saa ya kugeuka: ikifika kabla hamjafika mlikokuwa mkienda, mnarudi, hata kama kilele kinaonekana.

Nguo zivaliwe kwa tabaka. La ndani liwe la sufu nyembamba au kitambaa cha kukimbilia, kwa kuwa fulana ya pamba ikishalowa jasho hukaa na maji yake na kumpoza mwenyewe kila anaposimama. La kati liwe sweta au fulana nzito ya kuhifadhi joto, na la juu liwe koti linalozuia upepo na mvua. Anzeni safari mkihisi ubaridi kidogo; anayetoka mlangoni akiwa na joto la kumtosha atakuwa ametota jasho baada ya dakika kumi. Kumbukeni kwamba hewa hupoa kwa wastani wa digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kwenda juu, na upepo huongeza makali yake. Kofia na glavu ziwemo begini hata asubuhi ikiwa na jua.

Kila mmoja abebe mzigo wake. Wenzi wengi hujaza kila kitu katika begi moja, halafu mwenye begi akatangulia na mwenzake akabaki nyuma bila maji, bila koti na bila tochi. Kila begi liwe na tochi, ya kichwani ikiwezekana, maji, chakula kidogo, koti la mvua na nguo moja ya ziada ya joto. Simu zitunzwe mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu betri hupungukiwa nguvu kwenye baridi, na ramani ya njia ipakuliwe kabla ya kuondoka ili isitegemee mtandao. Mwambieni mtu mmoja mnakokwenda na saa mtakayorudi.

Njiani, mwenye mwendo wa polepole ndiye atangulie. Hili si la adabu peke yake: mwenye kasi akiwa mbele husimama kumsubiri mwenzake, hupumzika, kisha huondoka mara tu mwenzake anapofika, na hivyo anayehitaji mapumziko zaidi ndiye anayeyakosa. Kuwepo pia kanuni ya kurudi, kwamba mmoja wenu akisema anataka kurudi, mnarudi bila mjadala na bila kukumbushana baadaye. Nimeona kwamba anayejua neno lake litasikilizwa hulitumia kwa nadra sana.

Majani yaliyolowa yana utelezi mkubwa, hasa juu ya mawe, mbao na mizizi, na pia huficha mashimo. Hapo ndipo methali ya mwenda pole hajikwai inapopata maana yake kamili. Kupe nao hawajaondoka, kwani baadhi yao huendelea kutafuta damu hadi hali ya hewa iwe ya baridi kweli kweli, basi suruali ichomekwe ndani ya soksi kwenye nyasi ndefu, na jioni kila mmoja amkague mwenzake nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na kwenye nywele. Kulungu wa nchi nyingi za baridi huwa katika msimu wa kupandana, na madume huwa wakali; watazameni kwa mbali, na mkiendesha gari machweo punguzeni mwendo penye msitu, maana huvuka barabara bila kuangalia. Mahali ambapo uwindaji unaruhusiwa, fuateni matangazo ya eneo hilo na vaeni rangi kali.

Kuhusu uyoga nasema waziwazi: upigeni picha na muuache. Uyoga hatari kuliko wote barani Ulaya, unaoitwa na wataalamu Amanita phalloides, hauna ladha mbaya ya kumwonya mtu, sumu yake haiharibiwi kwa kupikwa, na dalili huanza saa sita au zaidi baada ya kula, wakati ini tayari limeanza kushambuliwa. Programu za simu za kutambua mimea hazitoshi kwa uamuzi wa namna hiyo. Anayetaka kuokota uyoga wa kula aende na mjuzi wa mahali hapo kwa misimu kadhaa kwanza.

Safari ndogo za siku za kazi

Safari si lazima iwe ya mbali. Shukeni kwenye basi vituo viwili kabla ya chenu na mfike nyumbani kwa njia msiyoijua. Pandeni treni au basi hadi kituo cha mwisho, mahali ambapo hamjawahi kuwa na sababu ya kufika, tembeeni kwa saa moja, kisha mrudi. Amkeni asubuhi moja ya ukungu mwende kuutazama kutoka mahali pa juu: ukungu wa majira haya hutokea hasa baada ya usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi inapopoteza joto lake na hewa iliyo juu yake ikapoa mpaka unyevu ukageuka kuwa matone madogo, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, hutuama mabondeni. Utabiri wa usiku usio na mawingu, upepo mdogo na unyevu mwingi ni ishara ya kuweka kengele ya saa. Jua likishapanda, baada ya saa chache mara nyingi hakuna kilichobaki.

Mvua nayo isiwe kizuizi kila mara. Nusu saa ya kutembea kwenye mvua ya kawaida, mkiwa na koti zuri na mkijua kwamba nyumbani kuna maji ya moto, ni burudani ya bei ndogo. Radi au upepo unaovunja matawi ni suala tofauti, na hapo kaeni ndani.

Pokezaneni kuchagua. Wiki hii mmoja aamue mahali na mwingine ashughulikie usafiri, chakula na hali ya hewa. Wiki ijayo mbadilishane. Asiyechagua asilalamike kabla ya kufika. Mmoja wenu akiwa mpenda baridi na mwingine akiichukia, kama inavyotokea mara nyingi, safari za mpenda baridi ziwe fupi na ziishie mahali penye paa na kinywaji cha moto, na yule mwingine naye asigeuze kila zamu yake kuwa siku ya kulala.

Usiku una mali yake

Giza linaloingia mapema lina faida moja ambayo majira ya joto hayana: mnaweza kutazama nyota na bado mkalala kwa wakati. Tafuteni mahali palipo mbali na taa za barabarani, zimeni simu, na yapeni macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza. Mtu mmoja akiwasha skrini nyeupe kwa sekunde chache, hesabu inaanza upya kwa nyote wawili, hivyo tumieni taa nyekundu hafifu. Katika nusu ya kaskazini, Kilimia huchomoza mashariki jioni za Oktoba, na saa kadhaa baadaye kundi la nyota la Jabari (Orion) hukifuata na ukanda wake wa nyota tatu. Penye giza la kutosha, Galaksi ya Andromeda huonekana kwa macho matupu kama doa hafifu, na mwanga mnaouona uliondoka huko takriban miaka milioni 2.5 iliyopita.

Vimondo vya Orionidi hufikia kilele karibu na tarehe 21 Oktoba. Ni vumbi lililoachwa na kimondomkia cha Halley, na huonekana vizuri zaidi baada ya saa sita usiku. Vya Leonidi hufuata karibu na tarehe 17 Novemba. Angalieni kwanza umri wa mwezi, kwa kuwa mwezi mpevu hufuta vimondo vingi hafifu. Lakini mwezi mpevu wenyewe una siku zake: kwa kawaida mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, ila ule mpevu ulio karibu na mwanzo wa majira haya, kwenye latitudo za kati na za juu, huchelewa kwa nusu saa au chini ya hapo, na hivyo jioni kadhaa mfululizo huchomoza karibu na machweo, mkubwa na wenye rangi ya chungwa. Kwa wenzi wanaotoka kazini wakati huo, ni tamasha lisilohitaji safari.

Anayekaa tuli hupoa haraka kuliko anayetembea. Chukueni blanketi la kukalia na jingine la kujifunika, chupa ya chai, na soksi za ziada, kisha mrudi kabla mmoja hajaanza kutetemeka.

Nyumba yenyewe

Nyumba ndogo ya watu wawili, madirisha yakifungwa kwa ajili ya baridi, hujaa unyevu upesi: kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani vyote huongeza maji hewani, na nguo za mashine moja tu zaweza kutoa karibu lita 2. Matokeo yake ni madirisha yanayotokwa jasho na kuvu pembeni mwa kuta. Fungueni madirisha wazi kabisa, ikiwezekana ya pande mbili, kwa dakika 5 hadi 10 mara mbili au tatu kwa siku, badala ya kuacha upenyo mdogo siku nzima unaopoza kuta bila kubadilisha hewa. Kipimo cha unyevu kikisoma kati ya asilimia 40 na 60, mko salama. Kabati lisibanwe kwenye ukuta wa nje.

Kabla ya kuwasha vifaa vya joto kwa mara ya kwanza, jaribuni king'ora cha moshi, na penye jiko la gesi, kuni au tanuri wekeni king'ora cha kaboni monoksidi, kwa kuwa gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mkaa usiwashwe ndani kamwe kwa ajili ya kupata joto. Vipasha joto vya chumba vinavyopitisha maji ya moto, vikitoa sauti ya kububujika au kubaki baridi sehemu ya juu vina hewa ndani, na hewa hiyo hutolewa kwa ufunguo mdogo huku kitambaa kikiwa chini yake. Kama mmepanga, muulizeni kwanza mwenye nyumba.

Kama mna kibaraza au hata kingo ya dirisha la nje, pandeni matunguu ya tulipu katika chungu chenye matundu chini. Yafukieni kwa kina cha mara mbili hadi tatu ya urefu wa tunguu, ncha ikitazama juu, na myaache nje, kwa sababu yanahitaji wiki 12 au zaidi za baridi ndipo yachanue vizuri. Maji yawe kidogo. Tunguu huoza kuliko kunyauka.

Majani yakiisha

Wiki za mwisho, matawi yakiwa matupu, watu wengi huhitimisha kwamba hakuna tena cha kutazama. Mimi huzipenda njia za wakati huo, kwa kuwa vilima na mito iliyokuwa imefichwa na majani huonekana, viota vya ndege vilivyokuwa juu ya vichwa vyenu majira yote hujulikana, na njia huwa hazina watu. Fupisheni tu umbali: kilomita 5 zinatosha siku yenye saa nane za mwanga. Mrudipo, viatu vilivyolowa vitolewe soli za ndani, vijazwe karatasi kavu zinazobadilishwa baada ya saa kadhaa, na viwekwe mahali penye hewa mbali na kipasha joto, kwa sababu joto kali hukausha ngozi hadi ikapasuka na hulegeza gundi ya soli.